Dawa ya kuziba rejeta: uzoefu wangu, na fundi aliyeimwaga bila kuniuliza

Dawa ya unga ya kuziba rejeta siitaki tena kwenye gari langu. Fundi aliyeimwaga humo bila ruhusa yangu ndiye simtaki hata kumsikia.

Gari lilikuwa linapunguza maji. Najaza, baada ya siku kadhaa riseva, lile kopo la maji ya akiba, imeshuka tena. Chini hakuna hata tone, kwa sababu lilikuwa likivuja injini ikiwa ya moto na maji yanakauka kabla hayajadondoka. Kilichobaki ni mchirizi wa kutu pale kwenye mshono, tangi la plastiki linapobanwa na alumini. Nikasubiri injini ipoe kabisa, nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji mekundu kama udongo wa mfinyanzi! Mpira wa ndani ya mfuniko, nikiugusa tu kwa ukucha unameguka.

Yote hayo nilimweleza fundi. Nilimwonyesha mchirizi kwa kidole. Nikamwambia na mfuniko nao umekwisha, maana ndio unaoshika presha. Presha ikitoka, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 wakati mfumo mzima ukibana vizuri yanaweza kufika 120 hivi bila kuchemka. Akacheka. Akanijibu mbele ya vijana wake: "Dada, wewe endesha gari, mambo ya injini tuachie wenyewe." Vijana nao wakacheka. Mimi ndiye mwenye gari, mimi ndiye ninayelipa, na nilichokisema kilikuwa kweli tupu.

Jioni nikalichukua, likawa halivuji. Nisiwe mwongo, nilifurahi. Wiki nzima maji hayakushuka, nikaanza hata kumtetea moyoni: labda ana mdomo mchafu lakini kazi anaijua. Kama ningeandika siku zile, mngesoma sifa tupu.

Halafu nikakwama kwenye foleni ya mlimani, geji ikaanza kupanda. Nikazima kila kitu, nikaegesha, moto unanipiga usoni kutoka kwenye boneti. Fundi mwingine alipoishusha ile rejeta na kumimina maji kwa juu, chini yalitoka kamkondo kembamba tu. Kwenye riseva kulikuwa na uji mzito wa kahawia. Akauchota kwa bisibisi, akaniambia nitazame: ule unga ulikuwa umeshikana na kutu na kwenda kulala kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Dawa haina macho. Haijui tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni la kupitishia maji, na kwenye mfumo uliojaa kutu ndio kabisa.

Kumbe pia thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, ilishang'olewa na yule wa kwanza. Hakunieleza hilo! Maji yakawa yanazunguka muda wote, injini inachelewa kufika joto lake, mafuta yanaliwa, na mimi nilikuwa nikishangaa mbona tangi linaisha haraka. Na mfuniko? Ni ule ule, na mpira wake unaomeguka.

Nilimrudia yule wa kwanza. Akaniuliza, "Kwani linavuja?" Nikasema halivuji, linachemsha. Akasema, "Basi. Ulileta linalovuja, nimeziba."

Hapo ndipo napata shida kuihukumu dawa yenyewe, kwa sababu kuziba iliziba. Kwa mtu mwenye tundu dogo kama la sindano, maji yake masafi, yuko mbali na anataka tu kufika kwa fundi, nadhani inaweza kumsaidia. Hapana, ngoja. Hata huyo namwambia asiiguse kama hajui ndani kukoje, kwa sababu nimelipia rejeta mpya, thamostati, mfuniko na mpira wa juu wa kupitishia maji, na kazi ya kuosha injini nzima, maji yanamwagwa na kujazwa hadi yatoke meupe. Sasa nimeweka kulanti nusu na maji yasiyo na madini nusu. Kulanti ina kemikali za kuzuia kutu, si rangi tu ya kupendezesha. Ukijaza maji ya bomba peke yake miaka na miaka, chuma cha injini kinaliwa na magamba ya madini yanajijenga ndani.

Geji sasa inasimama katikati, haisogei. Yule wa pili alinionyesha kila kilichotoka na kila kilichoingia, na nilipouliza swali alijibu swali.

Yule wa kwanza bado ana thamostati yangu. Nimeshaidai. Anasema ilikuwa mbovu akaitupa, na mimi sisadiki, kwa sababu hajawahi kuipima, wala hakuniambia kama aliitoa.