Macross ya DVD: kasha la AnimEigo, na kwa nini nyingine zilikwama Japani

Wadau, hamjambo. Hili mnaloliona mezani ni kasha la Macross. Siyo Robotech, ile ya Kimarekani iliyotengenezwa kutoka kwayo, ni Macross yenyewe, anime (katuni ya Kijapani) ya televisheni ya 1982, vipindi 36, Kijapani mwanzo mwisho na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Lilitolewa Marekani na kampuni ya AnimEigo mwanzoni mwa miaka ya 2000, diski 9, vipindi vinne kila diski. Halitengenezwi tena, kwa hiyo ukilipata leo ni la mtumba.

Nitalichambua kama bidhaa nyingine yoyote, lakini leo mtanivumilia, maana kila nikitaja anime za zamani swali ni lile lile: mbona hii haijatoka nje ya Japani? Halafu mtu anajijibu mwenyewe kwamba Wajapani hawajali, au haina wateja. Mara nyingi wateja wapo na hela wanayo. Kinachokosekana ni sahihi ya mtu mmoja kwenye mkataba, na Macross ndiyo mfano wa wazi kuliko zote.

Tuanze na picha. AnimEigo waliisafisha kwa kompyuta, wakaondoa vumbi na mikwaruzo iliyokuwa kwenye filamu. Msitegemee maajabu, hii ni DVD, ukiiweka kwenye televisheni kubwa ya kisasa mistari inalegea kidogo. Lakini rangi zimetulia. Tafsiri ni ya manjano, na wahusika wawili wakiongea kwa mpigo, mmoja anapewa kijani. Kitu kidogo, ila ukishakizoea unashangaa kwa nini wengine hawafanyi hivyo.

Uchoraji wenyewe, hapo niwe mkweli, unapanda na kushuka. Vipindi kadhaa vilipelekwa kwa mafundi wa nje na vinajionyesha. Angalia kipindi cha 11: sura zinabadilika kutoka picha moja hadi nyingine, kuna mahali nilirudisha nyuma nikidhani ni mhusika mgeni. Halafu fika kipindi cha 27. Meli za adui zimejaa angani, moto unashuka duniani, miji inafutika, na katikati ya yote hayo Minmay, yule binti mwimbaji, anaimba. Wimbo unaendelea huku makombora yanaruka yakiacha moshi unaojisokota, na hakuna anayejaribu kukueleza ujisikie vipi. Mimi siijui anime ya televisheni ya miaka ile iliyothubutu kiasi hicho.

Sauti ni Kijapani peke yake. Ukitaka kuisikia kwa Kiingereza, tafuta toleo la kampuni ya ADV la 2006, ambamo Mari Iijima, yule yule aliyekuwa Minmay wa Kijapani, aliigiza tena Minmay kwa Kiingereza.

Sasa kasheshe. Nani mwenye Macross?

Wazo lilitoka Studio Nue, kikundi cha wabunifu akiwemo Shoji Kawamori, aliyebuni ile ndege ya kivita inayogeuka roboti. Big West, wakala wa matangazo, wakasimamia upande wa biashara. Kazi ilikuwa kubwa kuliko mfuko, wakaletwa studio ya Tatsunoko kusaidia kutengeneza, na sehemu ya malipo yao ikawa haki ya kuiuza nje ya Japani. Wakati ule soko la nje lilionekana makombo. Hela ya kweli ilikuwa kwenye midoli, pale pale Japani. Hivyo mtu akapewa makombo, akasaini, mambo yakaisha.

Hayakuisha. Tatsunoko wakauza leseni kwa kampuni ya Harmony Gold ya Los Angeles. Vituo vya televisheni vya Marekani vilivyorusha katuni kila siku vilitaka angalau vipindi 65, yaani siku tano kwa wiki kwa wiki 13. Macross ina 36. Mtayarishaji wao, Carl Macek, akachukua anime nyingine mbili ambazo hazina udugu wowote nayo, Southern Cross na Mospeada, akaziunga, mazungumzo yakaandikwa upya mpaka ikawa hadithi moja ya vizazi vitatu. Ndiyo Robotech ya 1985, vipindi 85. Kama umewahi kukaa kibanda umiza ukamsikia mtafsiri akiipa filamu ya Kichina hadithi yake mwenyewe, umeshaelewa Macek alifanya nini, ila yeye alikuwa na mkataba.

Na msiniandikie matusi, mashabiki wa Robotech. Bila hiyo, nusu ya Wamarekani wanaolilia Macross leo wasingeijua.

Kidogo nje ya mada: yule Jetfire wa Transformers, mdoli wa 1985, umbo lake ni ndege ya Macross, maana Hasbro, wenye Transformers, walitumia mdoli uliokwishatengenezwa Japani na Takatoku. Kwenye katuni wakambadilisha umbo na jina, akawa Skyfire. Haki za huyu, mdoli wa yule, ilikuwa vurugu mapema hivyo.

Haya. Miaka ya 2000 ilipoanza, Big West na Studio Nue wakaburuzana na Tatsunoko mahakamani, Japani. Hukumu za Tokyo za 2002 na 2003 zikagawa mali hivi: michoro ya asili ya wahusika na mitambo ni ya Studio Nue na Big West, na vile vipindi 36 kama filamu ni vya Tatsunoko. Tulia hapo kidogo. Mmoja ana mkanda, mwingine ana sura zilizomo ndani ya mkanda. Na kule Marekani, Harmony Gold walidai jina lenyewe Macross kama alama yao ya biashara.

Ndiyo maana kasha hili lipo na mengine hayakuwepo. AnimEigo walitaka vipindi 36 vya mwanzo, wakapitia Harmony Gold, njia ilikuwa wazi. Lakini Big West walipotengeneza mwendelezo, Japani ilikuwa ruksa, wakivuka bahari walikutana na mtu amekaa mlangoni. Macross II na Macross Plus zilipenya miaka ya 1990 kabla mambo hayajawa machungu. Macross 7 yenye vipindi 49, Macross Zero, Frontier ya 2008, Delta ya 2016, zote zilikaa bila toleo la Marekani. Filamu ya Macross ya 1984, ambayo kwa macho yangu ndiyo kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kuchora, Wamarekani waliipata kwenye mikanda ya VHS ikiwa imekatwakatwa na kupewa jina Clash of the Bionoids.

Aprili 2021 Big West na Harmony Gold wakatangaza kuwa wamepatana. Mwaka 2024 Macross zikaanza kuingia Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni. Mtoto aliyezaliwa siku Frontier ilipoanza kurushwa alikuwa tayari yuko sekondari. Na sisi huku, wakati narekodi hii, Disney+ yenyewe haijafunguliwa Tanzania wala Kenya. Wenzetu wa Oman wanayo tangu 2022, hongereni.

Macross angalau walipatana. Candy Candy bado. Ile anime ya studio ya Toei, 1976 hadi 1979, vipindi 115, ilitikisa Ufaransa, Italia na Amerika ya Kusini, ikaingizwa na sauti za Kiarabu pia, kwa hiyo mliokulia Ghuba huenda mnamkumbuka Candy vizuri. Mwandishi wa hadithi ni Kyoko Mizuki, mchoraji ni Yumiko Igarashi. Wakagombana juu ya bidhaa zenye picha za Candy, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Japani, na mwaka 2001 ikaamuliwa kwamba mchoraji hawezi kuitumia Candy bila ridhaa ya mwandishi, kwa sababu michoro imezaliwa na hadithi. Wawili hawakubaliani, basi Toei wana mkanda wa dhahabu kabatini na hawauzi hata diski moja. Hapo utasema haina wateja?

Muziki nao una lawama zake, ingawa mara nyingi unaharibu toleo bila kulizuia kabisa. Anime ya Kodocha ilipotoka Marekani, wimbo wa kwanza wa ufunguzi, ulioimbwa na bendi ya TOKIO, uliondolewa ukawekwa mwingine.

Turudi kwenye kasha, ununue au usinunue? Kama unachotaka ni kujua hadithi tu, sitakudanganya, toleo lolote halali utakalolipata linatosha. Kama unaitaka Macross ya Kijapani yenye tafsiri makini, ya kushika mkononi, hili nalipatia alama za juu, na kipindi cha 11 hakitanibadilisha mawazo. Ila angalia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa, kabla hujalipa: DVD za Marekani kwa kawaida ni kanda 1, Afrika Mashariki ni kanda 5, kwa hiyo uwe na deki inayosoma kanda zote, au utumie programu ya VLC kwenye kompyuta. Wanaofikiria Blu-ray za kutoka Japani, hizo ni kanda A, sisi ni B, na deki nyingi za Blu-ray hazibembelezeki.

Na muuzaji akikutumia picha ya kasha pekee, mwambie azitoe diski zote tisa azipange mezani akupigie picha upande wa chini. Makasha haya yanauzwa yamepungua, na diski ya saba ndiyo yenye kipindi cha 27.