Kamba ya mita 2 kwenye paa la mita 3: ununue nini kwa fundi wa juu

Mapema mwaka huu nilinunua katika duka moja hapa Mwanga, Kigoma, mkanda wa usalama wa mwili mzima na kamba yake yenye kifyonza mshtuko (utepe ulioshonwa kwa mikunjo, ambao hufumuka na kurefuka mtu anapoanguka), kwa ajili ya vijana wangu wawili wanaofunga paneli za umeme wa jua. Kabla ya kuwapandisha tuliuvisha mkanda huo gunia la mchanga, tukaifunga kamba kwenye kenchi karibu na ukingo wa paa, kisha tukalisukuma gunia. Lilitua chini kwa kishindo kabla kifyonza hakijafumuka hata upana wa kiganja. Kamba haikukatika wala mshono haukuachia. Muuzaji angeapa kwamba kifaa ni kizima, na asingekuwa amesema uongo.

Ndiyo maana leo siulizi habari za rangi wala pedi za mabega. Nauliza jambo moja: chini ya fundi pamebaki nafasi kiasi gani? Kiwango cha Ulaya cha EN 355 huruhusu kamba hiyo kufikia mita 2 pamoja na kifyonza, nacho kifyonza, kinapofumuka ili mshtuko usizidi kilonewtoni 6 (karibu uzito wa kilo 600), kinaweza kurefuka kwa mita 1.75. Ongeza mita 1.5 kutoka pete ya mgongoni hadi nyayoni, na mita 1 ya tahadhari, utapata mita 6.25 kutoka pale ilipofungwa kamba hadi ardhini. Sasa toka nje uitazame nyumba yako. Nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji hazina ghorofa, na ukingo wa paa hauko mbali na mita 3.

Kwa mapaa kama hayo, chaguo langu la kwanza ni kutomruhusu fundi afike mahali pa kuangukia. Petzl ya Ufaransa, ambayo naipendelea na sifichi, hutengeneza GRILLON, kamba ambayo urefu wake hurekebishwa kwa mkono. Ifunge upande wa pili wa paa, uipunguze hadi fundi aishie hatua moja kabla ya ukingo, na umvalishe mkanda wa AVAO wa kampuni hiyohiyo, wenye pete za kiunoni na za kukamata anayeanguka. Mkwezi mmoja wa michikichi ninayemfahamu hupanda kwa kamba inayozunguka shina na kiuno chake, naye haachi ilegee hata kidogo. Aliponiona nikihesabu mita kwenye karatasi alicheka.

Nafasi ya pili naipa kamba inayojivuta yenyewe ndani ya kasha, mfano zile za DBI-SALA za 3M ya Marekani. Ikifungwa juu ya kichwa, hujifunga mara inapovutwa ghafla, kwa hiyo haihitaji nafasi kubwa. Tatizo ni kwamba juu ya paa hakuna cha kufungia juu ya kichwa, na si kila kasha limepimwa kwa kamba inayokwaruza ukingo wa bati.

Kamba ya mita 2 naiweka ya tatu, na ni kwa wapandao minara ya simu, ambako nafasi ya chini ni tele. Ya kampuni ya Karam ya India inatosha kwa kazi hiyo. Mkanda wa kiuno peke yake usiununue kumkamata anayeanguka. Marekani iliukataza kwa matumizi hayo tangu Januari 1, 1998.

Linaloniudhi ni kwamba dukani huuzwa seti moja tu, hiyo ya mita 2, na ukiuliza urefu wa kufumuka unajibiwa, "Mama, zote ni sawa." Karatasi ya maelezo, ambamo hesabu hii huchorwa kwa picha, haikuwemo kwenye mfuko wa seti niliyonunua. Kuagiza kutoka Dar es Salaam ni kulipia usafiri wa zaidi ya kilomita 1,000, halafu mwenye duka wa hapa anapandisha bei akisingizia usafiri huohuo kwa mzigo aliouleta kwa jumla. Nilipomrudishia kamba alikataa kuipokea, akisema kifyonza kimeshaanza kufumuka na hakiwezi kutumika tena. Hilo alikuwa analijua.