Vikao vitatu vya usuluhishi na mama wa mwanangu

Nilikwenda na simu iliyojaa meseji nilizozitunza kama ushahidi. Msuluhishi hakuzitaka. Alisema yeye si hakimu, hatafuti mkosaji; atatusaidia tukubaliane mtoto alelewe vipi kati ya nyumba mbili. Nilivunjika moyo, maana nilitaka mtu aniambie kwamba haki iko kwangu.

Kabla ya kutukutanisha alimsikiliza kila mmoja peke yake, akauliza waziwazi kama kuna anayepigwa au kutishwa. Hilo nalisifu sana. Penye kipigo, kuwaketisha watu meza moja kunaweza kumponza anayeonewa.

Kikao cha pili ndicho kilichonigusa. Mama Neema alisoma kwa sauti meseji yangu: "Umechelewa tena, kama kawaida yako." Msuluhishi akaniomba niiandike upya, nibakize yanayomhusu mtoto tu. Nilifuta mara nne. Ikabaki: "Neema alikusubiri tangu saa kumi. Ijumaa ijayo utamchukua saa ngapi?" Mwenzangu akajibu palepale: saa kumi na moja, ndipo anapotoka kazini. Miezi saba tuligombania jambo hilo, na sikuwahi kumuuliza.

Mpango wa malezi tuliotoka nao una siku za shule, ada na nani wa kupigiwa simu mtoto akiugua. Kumpokezana sasa ni shuleni, si mlangoni kwa mtu. Ndani ya begi lake kuna daftari dogo: anayemleta anaandika amevuta dawa ya pumu mara ngapi na saa ngapi. Zamani tulimtuma Neema mwenyewe aseme, naye ana miaka 7!

Tulisomewa pia ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Mtoto anayeishi mbali na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, ila kama kufanya hivyo kunamdhuru. Haki ni ya mtoto. Mimi siku zote niliidai kama yangu.

Kasoro zipo. Siku ya kwanza tulisubirishwa benchi moja, kimya kizito, dakika arobaini. Na rasimu ya makubaliano ilijaa lugha ya kisheria hadi tukaomba iandikwe upya.

Likizo ndefu bado hatujaafikiana. Kikao cha nne ni wiki ijayo, na mama Neema ndiye aliyepiga simu kuomba nafasi.