Maktaba ya McMillan na dada zake za Eastlands

Jengo la McMillan, Mtaa wa Banda, Nairobi, lilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo yeyote anaingia, na simba wawili wa mawe bado wako langoni. Ukumbi una dari refu na mwanga mzuri, mahali pa kusomea kwa utulivu katikati ya jiji. Matawi yake, Kaloleni na Makadara huko Eastlands, mashariki mwa jiji, ni madogo, lakini mimi nayapa alama za juu zaidi: yako karibu na nyumba, mtoto anafika kwa miguu bila nauli. Shirika la Book Bunk limeshirikiana na kaunti kuyakarabati.

Ukitaka kuchangia vitabu, uliza kwanza kinachohitajika. Vitabu vya kiada vya 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu Kenya, havimfai sana mtoto wa mtaala mpya wa umilisi (CBC), navyo vinajaza rafu. Hadithi za Kiswahili za watoto ndizo huisha haraka, kwa hiyo bora nakala tatu za kitabu kinachopendwa kuliko thelathini vya kubahatisha. Kagua kila kimoja: chenye harufu ya ukungu kiache, maana ukungu huambukiza vya jirani. Ukurasa uliochanika usiuzibe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kuharibu karatasi. Tumia uji mwepesi wa wanga na kipande cha karatasi nyembamba, kisha ukandamize chini ya kitu kizito hadi kesho yake.