Dawa ya macho: chupa ya kawaida au kichupa cha dozi moja?

Chupa ya kawaida ya mililita 5 huwa na kihifadhi, mara nyingi benzalkoniamu kloraidi, kinachozuia vijidudu kuzaliana. Nyingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, kwa hiyo andika tarehe kwenye lebo. Udhaifu wake ni ncha: ikigusa kope, uchafu hurudi ndani na dawa. Kihifadhi nacho, kwa mgonjwa wa presha ya macho anayetia dawa kila siku kwa miaka, kinaweza kuchubua uso wa jicho na kuleta ukavu na muwasho. Lenzi laini zinazovaliwa machoni hukifyonza. Zivue kwanza, uzirudishe baada ya dakika 15.

Kichupa cha dozi moja kwa kawaida hakina kihifadhi. Nyonga kifuniko, tia tone, kinachobaki tupa. Ni ghali zaidi, na wenye baridi yabisi ya vidole huhangaika kukifungua na kukiminya.

Kwa maambukizi ya siku chache, chupa inatosha. Kwa matibabu ya miaka kwenye jicho kavu, dozi moja inastahili gharama yake.

Kwa vyote viwili, tone moja tu, maana la pili hutiririka shavuni. Kisha fumba jicho, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 2.