Nimelipia pesti mpya ya prosesa, nimewekewa 99%

Duka silitaji, ila ni Kariakoo na bango lao linasema wanasafisha laptopu na kubadilisha pesti, yaani ile dawa laini inayopakwa kati ya prosesa na shaba ya kupoza ili joto lipite. Kusafisha hawasafishi.

Laptopu ilikuwa inazima ghafla kila ikipewa kazi nzito. Hakuna skrini ya bluu, hakuna onyo, kama LUKU imeisha. Ukiiwasha papo hapo inajaribu kidogo halafu inakata tena mpaka ipoe. Hiyo ni dalili ya joto. RAM mbovu mara nyingi hukuachia skrini ya bluu au mashine kuganda, na haijali kama umeipumzisha. HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, nayo ilionyesha prosesa ikigonga nyuzi 100, na prosesa nyingi za laptopu kikomo chake ni hapo hapo. Nikamweleza fundi yote hayo. Jibu lake, macho yake kwenye simu: "Kaka, hii inataka kufomatiwa tu."

Kufomati! Tangu lini Windows mpya ikafagia vumbi?

Tukabishana, akakubali kubadilisha pesti, nikalipa. Mashine ikarudi baridi kabisa, nyuzi sabini na kitu, na nilimsifia kwa watu. Ila video ninazohariri zikawa zinachukua muda mara mbili kukamilika. Nikafungua mipangilio ya umeme ya Windows: ukomo wa juu wa prosesa umewekwa 99%. Asilimia moja inaonekana si kitu, kumbe ndiyo inayoizuia prosesa kupanda juu ya mwendo wake wa msingi. i5-8250U kwa mfano, yenye uwezo wa kufika 3.4 GHz, inabaki ikitambaa kwenye 1.6. Nikarudisha 100%, ikazima kama kawaida.

Nikafungua mfuniko wa chini. Mabawa ya feni yanang'aa, yamefutwa vizuri kwa yeyote atakayechungulia. Feni yenyewe haikunyanyuliwa. Ukiinyanyua ndipo unaona mkeka wa vumbi umeziba kati ya feni na mapezi ya shaba, mzito kiasi cha kubanduka mzima kwa kibano. Pesti ni ile ya kiwandani, imekauka na inatoka magamba.

Kazi aliyolipwa aifanye ni hii. Chomoa chaji, kisha waya wa betri ubaoni. Skrubu za bomba la shaba, lile linalobeba joto kutoka kwenye chipu ya prosesa, zina namba: legeza kuanzia kubwa kurudi 1, kaza kuanzia 1, kidogo kidogo kwa zamu, la sivyo shaba inakaa upande na kona moja ya chipu inapata moto kupita kiasi. Futa kwa spiriti ya isopropili ya 90% kwenda juu, acha ikauke. Pesti kiasi cha punje ya mchele au mbili, itandazwe ifunike chipu yote, maana ya laptopu iko wazi, haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani. Vile vipande laini vya kijivu vilivyo pembeni usivibadilishe kwa pesti. Vinaziba nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja na nusu, pesti haifiki huko. Na ukipuliza vumbi, shika feni isizunguke.

Baada ya hapo ilitulia kwenye 83, ukomo ukiwa 100%, na Dar hii ya kiangazi.

Nikiri jambo moja: ujanja wa 99% si mbaya. Ni huduma ya kwanza nzuri, bure, na mtu wa Word na barua pepe hataona tofauti. Tena skrubu zote alizirudisha na waya wa feni hakuukata, mafundi wangapi wanaweza hivyo? Angeniambia tu "nimekupunguzia mwendo, pesti sijagusa", ningempa nyota nne. Basi nikawa nimeshafika kwenye nyota mbili, nikarudi kumuuliza kistaarabu. Akanijibu, "Si ilikuwa haizimi? Sasa unalalamika nini?"

Nyota moja. Ukienda pale simama mezani mpaka uone shaba inanyanyuliwa. Akikwambia rudi jioni, beba mashine yako.