Kumsemea ndugu kliniki, au kumwandaa ajisemee?

Mdogo wangu ana ugonjwa wa akili, na zamani kila swali la daktari nilijibu mimi. Ni haraka, na akizidiwa hakuna njia nyingine. Ila daktari alizoea kunitazama mimi, mwenyewe akabaki kuinamia sakafu.

Siku hizi, jioni kabla ya kliniki, anaandika daftarini: dawa inamlaza mpaka saa nne asubuhi, mikono inatetemeka, anataka kurudi kazini. Inachukua muda, nami najikaza nisimdakie maneno. Juzi alisoma mwenyewe, dozi ikapunguzwa. Hapa Kenya, sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inampa mgonjwa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake. Nachagua daftari. Kumsemea ni kwa dharura tu, tena kwa maneno tuliyokubaliana akiwa na nafuu.